Handel Mnampigia Makofi, Sisi Mnatuambia Tunacheza na Neno

Wasee, leo nitaudhi watu wa kwaya, na najua mko wengi huku. Nisomeni hadi chini kabla hamjaanza kunirushia aya kwenye komenti.

Desemba iliyopita vijana wa kanisa letu tulikuwa tumetayarisha Zaburi ya 121. Yote, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kwa Kiswahili, maneno ya Biblia vile yalivyo bila kuongeza koma. Sauti nne. Vayolini tatu, chelo moja ya kuazima, tarumbeta mbili za wale vijana wa brigedi, kayamba, na ngoma. Miezi minne ya mazoezi, kila Jumamosi saa nane, wengine wanatembea kutoka mbali juu nauli imepanda. Jumamosi moja kabla ya siku yenyewe mzee mmoja wa kanisa akaingia, akasikiliza kama dakika tano, akaniita kando.

"Kijana wangu, Neno la Mungu si tamasha. Vyombo vyote hivi ni vya nini? Watu watakuja kuwatazama nyinyi, si kumsikia Mungu."

Nikamwambia, "Sawa, Mzee." Ungesema nini? Mzee ni mzee.

Jumapili iliyofuata kwaya kubwa ikasimama, majoho meupe, ikaimba ile Haleluya ya Handel. Kwa Kiingereza. Kinanda kimewekwa sauti ya tarumbeta ya bandia, ile ya kulia kama boda inayokataa kuwaka. Kanisa lote likasimama, mzee wangu akiwa wa kwanza. Mimi pia nilisimama. Sina ubaya na ule wimbo, enyewe naupenda kuliko wengi mnaousimamia. Lakini nilisimama na hasira, na hiyo hasira ndiyo imenifanya nikasome huyu Handel alikuwa nani. Sasa nimerudi na maswali.

Hebu tuanze na hiyo "Neno si tamasha."

Messiah iliimbwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742. Haikuimbwa kanisani. Iliimbwa kwenye ukumbi wa muziki, mtaa wa Fishamble, watu kama 700 wamejibana ndani hadi wanawake waliombwa wasivae zile sketi zenye vyuma na wanaume waache panga nyumbani ili nafasi itoshe. Tiketi zilikuwa zinauzwa. Kwa hivyo ndiyo, lilikuwa tamasha.

Na mjue kulikuwa na mzee wa kanisa hata huko. Jonathan Swift, yule aliyeandika safari za Gulliver, ndiye alikuwa mkuu wa kanisa la Mtakatifu Patrick, na mwanzoni mwa mwaka huo alikuwa amewakataza waimbaji wake wasiende kushirikiana na wapiga fidla wa Fishamble. Mwishowe walienda. Mwaka uliofuata kazi ikapelekwa London, jumba la maonyesho la Covent Garden, na kabla hata haijaimbwa mtu akaandika gazetini akiuliza kama nyumba ya michezo ya kuigiza ni hekalu la kufaa Neno la Mungu, na kama waigizaji ni watu wa kulihubiri. Handel mwenyewe alijua moto unakuja. Kwenye matangazo ya London hakuandika jina Messiah, aliiita tu oratorio mpya takatifu.

Kwa hivyo mzee wangu hakubuni kitu. Maneno aliyoniambia kwenye korido yana karibu miaka 300, na yalisemwa kuhusu wimbo uleule aliousimamia.

Na kuhusu kusimama: mnasemanga Mfalme George wa Pili aliguswa akasimama, ndiyo maana nasi tunasimama. Hiyo stori ilikuja kuandikwa mwaka 1780, zaidi ya miaka 35 baada ya hilo onyesho, na mtu aliyeambiwa na mtu. Inawezekana mfalme hakuwa hata kwa hiyo nyumba. Simameni mkitaka, miguu ni yenu, lakini msiniambie ni sheria.

Tena hiyo Haleluya si ya Krismasi. Inafunga sehemu ya pili, baada ya mateso na ufufuo, na maneno yake yametoka Ufunuo. Dublin waliisikia majira ya Pasaka. Lakini hiyo tuiache, juu nikianza hapo hatutamaliza.

Sasa sikizeni hii, na hapa ndipo nataka wale wa "muziki wa dunia usiingie madhabahuni" wakae vizuri.

Julai 1741, wiki chache kabla hajaanza Messiah, Handel alitunga nyimbo za Kiitaliano za sauti mbili. Za mapenzi. Moja yake ni mtu anamwambia Mapenzi yule kipofu, na Urembo yule mkatili, kwamba siwaamini tena, mmenichezea vya kutosha. Yaani wimbo wa mtu aliyeachwa. Agosti tarehe 22 akaketi kuandika Messiah, na alipofika pale Isaya anapotangaza mtoto amezaliwa, akachukua sauti za ule wimbo wa kuachwa akazivisha unabii. Haraka haraka. Kazi nzima aliimaliza kwa siku 24.

Ukisikiliza kwa makini utasikia mshono. Kwa Kiingereza lile neno la kwanza la kiitikio ni kiunganishi tu, kama "kwa maana", neno dogo lisilostahili kukaziwa. Lakini Handel analikazia kama mtu anayegonga meza. Kwa nini? Kwa sababu pale pale kwenye Kiitaliano palikuwa na neno "hapana". Mpenzi aliyeumizwa anapiga kelele "hapana!", na hiyo kelele imebaki hadi leo ndani ya kiitikio cha kuzaliwa kwa Yesu. Kila Desemba. Kanisani kwenu.

Na hamjawahi kulalamika, juu mlikuwa hamjui, na juu imezeeka. Wimbo ukizeeka unakuwa mtakatifu. Lakini kijana wa Kayole akiweka Zaburi juu ya mdundo uliozaliwa mtaani, mnasema ameleta klabu kanisani. Mpeni basi miaka 280 pia, tuone.

Kuna watu wataniambia: sawa, lakini Handel alikuwa msomi wa muziki, nyinyi ni nani? Buda, Handel alijiandikisha Chuo Kikuu cha Halle mwaka 1702, na mwaka uliofuata alikuwa Hamburg akipiga fidla kwenye okestra ya opera. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, sababu ni karo, si kipaji, na sisemi mimi ni Handel. Nasema tu hilo swali la "nyinyi ni nani" si la muziki.

Haya, sasa kile kinachoniuma zaidi, ambacho ni lugha.

Handel alikuwa Mjerumani. Amezaliwa Halle mwaka 1685, amejifunzia opera Italia, akahamia London, akapata uraia 1727. Angeweza kuwaandikia Waingereza kwa Kiitaliano, na alifanya hivyo miaka mingi. Lakini alipofika kwenye Maandiko alitumia lugha ya watu waliokuwa wameketi mbele yake. Maneno yalichaguliwa na rafiki yake tajiri Charles Jennens, mengi yake kutoka Biblia ya Kiingereza ya 1611, ile ambayo fundi viatu wa London aliisikia kila Jumapili tangu utotoni. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Brahms naye, mwaka 1868, alipotaka kuwaombolezea wafu, aliiacha misa ya Kilatini akafungua Biblia ya Luther akachagua mistari kwa Kijerumani. Wote walielewa jambo moja: ukitaka Neno limgonge mtu kifuani, usimpitishie kwa mkalimani.

Sisi tukachukua kazi ya Handel, tukaacha alichofanya Handel.

Krapf alifika Mombasa 1844, akaanza kutafsiri Mwanzo kabla hata hajazoea joto. Biblia ya Muungano mnayosoma imekamilika tangu 1952. Zaidi ya miaka 70 tuna Isaya kwa Kiswahili kizuri sana, Kiswahili kinachotembea. Halafu siku kubwa ya mwaka mnasimama kuimba "omnipotent". Mimi nimeimba teno miaka miwili nikisema "onipotenti" na hakuna mtu alinirekebisha, juu hakuna mtu aliyekuwa anasikiliza neno. Tulikuwa tunasubiri tu ile sehemu ya juu.

"Si muitafsiri basi?" Hapana. Na hapa mnipe dakika, juu hii ndiyo sehemu watu hawaielewi.

Kiswahili kinakazia silabi ya pili kutoka mwisho. Kila neno, karibu bila ubishi. Yale machache yanayokataa yanakuonyesha sheria ina maana gani: barabara ya magari unakazia "ba" ya tatu ukihesabu kutoka mwanzo, hapana, hebu sema kwa sauti: ba-ra-BA-ra. Lakini "barabara" ya sawasawa ni ba-RA-ba-ra. Mkazo ukihama, umehama kutoka njia hadi usahihi. Sasa chukua wimbo uliojengwa kwa Kiingereza, lugha ya maneno mafupi mafupi, uweke maneno ya Kiswahili juu. Mpigo mzito unaangukia popote. Ndiyo maana kwenye nyimbo za vitabuni tumekua tukiimba "bwa-NAA" na "mwoko-ZII", na hakuna mtu duniani anayeongea hivyo. Mtoto wa miaka mitano anayesema "Bwana" vizuri nyumbani, ukimpeleka kanisani anafundishwa kuisema vibaya kwa sauti nne.

Hesabu pia haikubali. Kwa Kiingereza mtoto ni silabi moja, na kuzaliwa ni silabi moja. Kwetu "mtoto" ni tatu, m-to-to, na "amezaliwa" ni tano. Lakini angalia utajiri uliopo: "amezaliwa" ni sentensi nzima. Nani, lini, nini kimetokea, vyote ndani ya neno moja, na mkazo unakungoja pale kwenye "li". Mtunzi anayejua kazi yake atapanda nayo ngazi, a-me-za, halafu aikalie hiyo "li" mipigo minne huku vayolini zikizunguka chini. Huwezi kufanya hivyo kwa tafsiri iliyobanwa kwenye sauti za mtu mwingine. Lazima wimbo uzaliwe na neno.

Na kuna siri nyingine. Zile mbio ndefu za Handel, silabi moja inayokimbia noti thelathini, alizitoa Italia. Kiitaliano kinazibeba kirahisi juu maneno yake mengi yanaishia na vokali. Kiingereza kinahangaika na konsonanti zake. Kiswahili je? Karibu kila neno linaishia a, e, i, o, u. Mdomo uko wazi tayari. Yaani kwa kazi hii, lugha yetu iko karibu na shule aliyosomea Handel kuliko Kiingereza chenyewe, na sisi ndio tunaona aibu.

Wengine mtasema okestra si yetu. Ati vayolini ni za wazungu. Nendeni Zanzibar basi. Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905, na taarab ya kule ina vayolini zimejipanga, ganuni, udi, besi, na mwimbaji mbele anaimba Kiswahili safi. Okestra inayosindikiza Kiswahili ina zaidi ya miaka mia moja pwani yetu hii. Na utenzi? Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, miaka 13 kabla Handel hajaketi kuandika Messiah, na tenzi zilitungwa kwa mizani ili zighaniwe. Hadithi takatifu ndefu, kwa sauti, mbele ya watu: pwani walikuwa wanaifanya.

Najua Waislamu wenzangu mtaniambia Qur'ani haiimbwi na ala, inasomwa kwa tajwidi. Naheshimu hiyo, na ni msimamo wenye sababu zake na unaofuatwa na wote, imamu na mtoto wa madrasa. Ugomvi wangu ni na nyumba yetu, ambapo ala zimekubaliwa kwa marehemu Mjerumani na kukatazwa kwa Akinyi na Mutua.

Tena si kwamba hatuna watu. Kwaya za Kikatoliki hapa na Tanzania zinatunga zaburi za kuitikia kila wiki, tangu Mtaguso uruhusu lugha za watu mwaka 1963. Kuna walimu wa kwaya wana mafaili mia mbili ya kazi zao kwa simu, nzuri sana, na hazijawahi kusikia chelo. Korogocho, watoto wa Ghetto Classics wanapiga vayolini na tarumbeta kando ya jaa la Dandora. Na mwaka 1990 kwaya ya Muungano, chini ya Boniface Mganga, ilitoa rekodi ya Missa Luba iliyouzwa na kampuni kubwa ya ng'ambo. Hiyo ni misa iliyotoka Kongo, ngoma na sauti za kwao, dunia ikashika kichwa. Ingawa angalia: maneno bado Kilatini.

Kinachotutenga ni kitu kidogo cha kuchekesha. Waimbaji wetu wanasoma solfa, do re mi, iliyoletwa na wamisionari. Wapiga vayolini wanasoma nota za mistari mitano. Ni kama kikundi kimoja kinaandika kwa herufi na kingine kwa namba. Mwalimu wa kwaya anatunga kwa solfa, mpiga chelo akiona ile karatasi anafikiri ni hesabu. Lazima mtu akae ahamishe kila sauti, aamue ufunguo, akumbuke kwamba tarumbeta ya brigedi inaandikiwa noti moja na inatoa nyingine, iko chini kwa hatua nzima. Mimi nilifanya hivyo kwa Zaburi yetu, na programu ya bure, kwa kompyuta ambayo skrini yake ina mstari katikati. Wiki tatu. Siku ya kwanza ya mazoezi tarumbeta ziliingia na nilikuwa nimesahau hiyo hatua. Manze. Mbwa wa jirani walijibu. Tukacheka, nikarudi nyumbani, nikarekebisha.

Hiyo ndiyo kazi kanisa lingeweza kutusaidia nayo. Lipa mtu mmoja anayejua pande zote mbili. Bei ya yale majoho mapya ingetosha mwaka mzima.

Nirudi kwa mzee. Nimefikiria sana lile neno lake, "watakuja kuwatazama nyinyi," na sitaki kumfanya mjinga, juu si mjinga. Ni kweli mtu anaweza kujificha nyuma ya muziki mkubwa. Nimeona watu wanaimba Zaburi huku wanatafuta kamera, na mimi, ninayeishi kwa kamera, najua hilo jaribu kuliko yeye. Lakini mwulize yeyote kati ya wale vijana kumi na tisa. Wote sai wanajua Zaburi ya 121 kwa kichwa. Yule wa besi, ambaye alikuwa anakuja kanisani kwa sababu ya chai, aliniuliza kwenye mazoezi kama asiyesinzia na asiyelala ni kitu kimoja ama ni viwili, na kwa nini mwandishi ametaja vyote. Tulibishana nusu saa. Nionyeshe mtu mmoja kwa kwaya kubwa aliyewahi kubishana kuhusu neno lolote la ile Haleluya.

Pesa za Dublin, kwa wale wanaodhani tamasha ni uroho, zilienda kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni. Watu 142 walitolewa jela kwa sababu watu 700 walinunua tiketi kusikia Maandiko yakipigiwa fidla.

Sisi tumechukua ukumbi wa jamii, ule wa karibu na soko, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa. Kuingia ni mia moja. Pesa inaenda kwa bili ya hospitali ya mama ya mmoja wa alto zetu. Zaburi nzima, na tumeongeza kipande cha Isaya ambacho bado kinanisumbua mahali pa "li". Kuna viti themanini, wengine mtasimama, na safari hii mtakuwa na sababu.

Mzee nimemtumia mwaliko kwa WhatsApp, nikaanza na "Shikamoo Mzee" na nikaandika kila kitu kwa heshima. Mjukuu wake anapiga vayolini ya pili. Alama mbili za bluu tangu Jumanne. Kiti cha mbele, upande wa chelo, nimekiwekea karatasi ya jina lake.